Jiko la Mkaa Lilale Nje

  

Mimi ni mganga msaidizi katika zahanati ya kijiji, huku nyanda za juu za kusini. Umri wangu haujafika miaka 30. Nina cheti, sina mvi. Ninaposema na watu walionizidi umri, nasema kwa adabu. Lakini leo nitasema wazi, kwa sababu jambo lenyewe limekwisha kuua.

Jambo ni hili: wakati wa kipupwe, tunalalaje?

BARIDI YA KWETU

Watu wa mijini pwani wakisikia kwamba Tanzania kuna baridi, hucheka. Waje Makete mwezi wa Julai. Waje Njombe au Mufindi. Mji wa Njombe uko karibu mita 2000 juu ya usawa wa bahari. Uwanda wa Kitulo uko juu zaidi, kama mita 2600. Kila ukipanda mita 1000, joto la hewa hupungua kama digrii 6. Asubuhi nyingine kule Kitulo umande huganda. Majani huwa meupe kana kwamba yamenyunyiziwa chumvi.

Baridi yetu huzidi toka Juni mpaka Agosti. Miezi hiyo mvua hakuna, na usiku mara nyingi anga ni safi. Mawingu ni kama blanketi la ardhi. Usiku usio na mawingu, joto la ardhi hupanda juu na kupotea. Ndiyo maana usiku wenye nyota nyingi ndio usiku wa kutetemeka.

Mimi nimezaliwa Kyela, karibu na Ziwa Nyasa. Kule kuna mpunga, kakao na joto. Nilipopangiwa kazi huku milimani, nilikuja na shuka mbili. Usiku wa kwanza nilivaa nguo zangu zote, na bado meno yaligongana. Usiku wa pili nilifanya nilivyoona majirani wakifanya. Niliwasha jiko la mkaa, nikaliingiza chumbani, nikafunga mlango.

Nililala vizuri. Asubuhi niliamka na kichwa kizito na kichefuchefu. Nikasema ni uchovu wa safari. Chuoni nilikuwa nimesoma habari za hewa ya mkaa. Nilijibu hata swali lake katika mtihani, nikapata. Lakini baridi ilinisahaulisha.

SWALI NISILOULIZA

Mwaka wangu wa pili kazini, mwezi wa Julai, mama mmoja alikuja zahanati. Alisema kila asubuhi kichwa kinamuuma. Wanawe wawili pia walilalamika kichwa. Wakienda shambani, mchana kinapoa. Nilimpima malaria, hana. Nilimpima homa, hana. Nilimpa vidonge vya maumivu, nikamwambia apumzike.

Sikumwuliza swali moja: "Mama, mnalalaje?"

Siku ya nne, jirani yake aligonga mlango wangu asubuhi. Jua lilikuwa limekwisha toka na nyumba ya yule mama bado imefungwa. Watu walikuwa wamevunja mlango. Mama alikuwa hai, lakini hajitambui. Mtoto mkubwa alikuwa anatapika. Mtoto mdogo, wa miaka mitatu, hakuamka tena.

Katikati ya chumba lilikuwapo jiko la mkaa, lenye majivu ya uvuguvugu. Nyufa zote za dirisha zilikuwa zimezibwa kwa matambara. Chini ya mlango palikuwa na gunia lililokunjwa vizuri. Mama yule alikuwa amefanya kila awezalo ili wanawe wasipate baridi.

Nje watu walikuwa wamekwisha anza kusema. Hakuna jeraha. Hakuna damu. Jana walikuwa wazima. Basi ni uchawi. Wakamtaja bibi mmoja mjane, anayeishi peke yake nyumba ya tatu.

Nilimwomba mwenyekiti wa kijiji aitishe mkutano siku ile ile. Nilikwenda na jiko lile, nikaliweka chini mbele ya watu. Nikawaeleza kama ninavyokueleza wewe leo. Wengine walikubali. Wengine hawakukubali. Bibi yule yupo, lakini wako watu ambao mpaka leo hawamsalimii.

Mama yule alipona hospitalini, akarudi nyumbani. Tulipokutana hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

HEWA HII INAUAJE?

Mkaa unapowaka mahali pasipo na hewa ya kutosha, hutoa hewa yenye sumu. Jina lake ni kaboni monoksaidi. Haina rangi. Haina harufu. Haiwashi macho wala haikerezi koo. Hutaiona wala kuinusa.

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Wanasema: "Mkaa wangu umeshika vizuri, hauna moshi, basi ni salama." Sivyo. Moshi wa kuni ni mbaya, lakini hupiga kelele. Utakohoa, utatoka nje. Mkaa mwekundu usio na moshi umenyamaza tu, na sumu inaendelea kutoka. Ukiufunika kwa majivu, sumu bado inatoka.

Ndani ya mwili mambo huwa hivi. Damu ni kama malori yanayobeba viazi kwenda sokoni. Mzigo wake ni oksijeni, yaani ile sehemu ya hewa inayotuweka hai. Lori hupakia kwenye mapafu, hushusha kwenye ubongo, moyo na viungo vyote. Hewa ya mkaa huparamia lori na kukaa mahali pa viazi. Damu huishika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko inavyoshika oksijeni. Malori yanaendelea kutembea, lakini sokoni hakufiki viazi. Ubongo unakosa oksijeni. Mtu anachoka, analala zaidi, na hasikii kitu cha kumwamsha.

Mtoto mdogo, mzee, mgonjwa wa moyo na mama mjamzito huumia upesi. Mtoto aliye tumboni huweza kudhurika sana hata kama mama yake anajiona amepata nafuu.

Zijue dalili. Kichwa kuuma. Kizunguzungu. Kichefuchefu au kutapika. Miguu kulegea. Kuchanganyikiwa. Angalia hasa mambo haya matatu: watu wa nyumba moja kuugua pamoja, kuugua asubuhi na kupata nafuu wakitoka nje, na kuugua bila homa. Ukiyaona haya, usitafute mchawi. Tafuta jiko.

"WAZEE WETU WALILALA NA MOTO"

Najua utaniambia hivi: "Kijana, babu zetu walilala kuzunguka moto maisha yao yote. Mbona hawakufa?"

Swali hili ni zuri, nami nimelifikiri sana. Jibu liko juu ya kichwa chako. Tazama paa.

Nyumba ya babu iliezekwa kwa nyasi. Ukisimama nje asubuhi, uliona moshi ukitoka katikati ya nyasi, paa zima likifuka. Kuta zilikuwa za miti na udongo, zenye nyufa. Mlango ulikuwa wa mianzi. Nyumba ile ilipumua. Sumu ilitoka pamoja na moshi. Hata hivyo haikuwa salama kabisa. Wazee wengi walipata kikohozi kisichoisha na macho mabovu kwa ajili ya moshi. Watoto waliungua. Wenye kifafa walianguka motoni.

Sasa tumejenga nyumba bora. Matofali ya kuchoma, sakafu ya saruji, mabati, dirisha la kioo. Ni maendeleo, wala sisemi turudi kwenye nyasi. Lakini nyumba hii haipumui kama ile ya zamani. Tumebadili nyumba, hatukubadili desturi. Tumechukua moto wa nyumba inayopumua, tukaufungia katika nyumba isiyopumua.

Tena nyumba ya bati huwa na baridi kuliko ile ya nyasi. Nyasi nene hushika joto. Bati hulipitisha. Usiku joto lote la chumba hupanda, hugusa bati, hupotea. Kwa hiyo tunasikia baridi zaidi, tunaongeza mkaa zaidi, tunaziba nyufa zaidi. Hapo mtego umekamilika.

Maoni yangu ni haya. Jiko la mkaa lisilale chumbani hata usiku mmoja. Usiseme, "Nitaacha dirisha wazi kidogo." Ukishasinzia hujui upepo umelifunga saa ngapi. Ota moto jioni jikoni au barazani, penye hewa. Kisha ukienda kulala, jiko litoke nje, mahali ambapo upepo hautapeperusha cheche. Tuifanye desturi, kama tunavyofunga kuku.

JOTO LA KITANDANI LINATOKA WAPI?

Utauliza: "Ukiniondolea jiko, unanipa nini?" Nakupa kitu ambacho unacho tayari.

Mwili wako ni jiko. Usiku na mchana unatengeneza joto la digrii 37 hivi. Kuni zake ni chakula. Blanketi halina joto lake. Likae peke yake kitandani, litakuwa baridi mpaka asubuhi. Kazi ya blanketi ni kuzuia joto lako lisitoroke. Kwa hiyo usiku wa baridi jiulize: joto langu linatorokea wapi? Ukiujua mlango wake, uzibe.

Mlango wa kwanza ni chini yako. Watu wengi hurundika nguo juu na kusahau chini. Sakafu ya saruji au ya udongo hunyonya joto la mwili usiku kucha. Kitanda cha kamba nacho hupitisha hewa baridi chini ya mgongo. Kwa hiyo anza na chini. Ukiwa na godoro la sponji, vizuri. Ukiwa huna, shona magunia mawili ya katani pamoja, jaza nyasi kavu au maganda makavu ya mahindi. Juu tandika mkeka. Kila wiki yamwage na kuyaanika juani, na yakivunda yabadili. Kama una blanketi mbili tu na unalala mahali pagumu, moja litandike chini. Utaona tofauti usiku huo huo.

Mlango wa pili ni juu yako. Hapa kuna siri ndogo: kinachokinga baridi ni hewa iliyotulia katikati ya nguo. Nguo mbili nyepesi zikipandana hushinda nguo moja nzito, kwa sababu katikati yake kuna hewa. Hata gazeti husaidia. Tandaza kurasa kadhaa katikati ya blanketi mbili. Hili unalolisoma pia litafaa, lakini ulisome kwanza, na umsomee jirani.

Mlango wa tatu ni unyevu. Nguo yenye unyevu hunyang'anya joto upesi sana. Usilale na nguo ulizolimia, zina jasho. Vaa nguo kavu za kulalia, hata kama zimechakaa. Anika blanketi juani kila siku yenye jua na uziingize ndani kabla umande haujaanza. Blanketi lililoachwa nje mpaka magharibi limekwisha kunywa maji.

Mlango wa nne ni kichwa na miguu. Osha miguu kwa maji ya moto jioni, ikaushe kabisa, hata katikati ya vidole. Vaa soksi kavu. Vaa kofia ya sufu. Mtu mzima asione haya kulala na kofia.

Mlango wa tano ni upepo. Sogeza kitanda kisigusane na ukuta wa nje wala kisikae mbele ya mlango. Ziba upepo unaopita chini ya mlango. Ukiweza, weka dari. Huku kwetu mianzi ipo. Dari ya mianzi iliyofumwa, au magunia safi yaliyoshonwa pamoja, hupunguza joto linalopotea kwenye bati. Lakini tundu dogo la hewa lililo juu ukutani liache wazi. Chumba kilichofungwa kabisa, chenye watu wengi, hurahisisha kuambukizana kifua kikuu na mafua.

Kisha lipe jiko lako kuni. Kula chakula cha kutosha jioni, kikiwa cha moto. Ugali na maharage, viazi, uji. Mtu aliyelala na njaa hutetemeka hata katika blanketi tatu.

Ukitaka kukipasha kitanda moto, weka tofali kavu la kuchoma karibu na moto wa jikoni mpaka lipate joto. Lizungushie nguo nzito, liweke kitandani nusu saa kabla ya kulala. Kwanza lishike kwa mkono. Likikuunguza mkono litakuunguza na mguu. Usitumie jiwe la mtoni. Huwa na maji ndani, na likipata moto linaweza kupasuka. Unaweza pia kutumia mpira wa maji ya moto, uliofungwa vizuri na kuzungushiwa kitambaa. Vitu hivi viondolewe kitandani kabla ya mtoto mchanga kulazwa. Viondolewe pia kwa mzee au mgonjwa wa kisukari ambaye miguu yake imekufa ganzi. Huyo ataungua bila kujua.

POMBE SI BLANKETI

Ndugu zangu wapo wanaosema, "Nikipata ulanzi wangu au komoni, baridi siijui." Ni kweli hawaijui. Lakini baridi inawajua.

Pombe hufungua mishipa midogo ya damu iliyo karibu na ngozi. Damu yenye joto hukimbilia juu, na mtu anasikia moto usoni na mikononi. Joto hilo limetoka ndani ya mwili na linapotea hewani. Anajiona ana joto, kumbe anapoa. Tena hatetemeki inavyopasa, na hajui kwamba yuko hatarini. Mlevi akianguka njiani usiku wa Julai, baridi inaweza kumwua kabla ya alfajiri. Ukimwona, usimcheke. Mpeleke ndani.

NANI ANAPATA BLANKETI?

Sasa nitasema neno gumu kidogo. Wazee wangu mnivumilie.

Katika kazi yangu naingia nyumba nyingi. Nimeona nyumba ambamo baba analala juu ya godoro na blanketi mbili. Watoto wanne wanalala sakafuni juu ya gunia moja, wamejifunika kanga ya mama yao. Na bibi, mama yake yule baba, analala jikoni karibu na majivu.

Sisemi baba huyo ni mbaya. Ndivyo alivyokuta. Lakini mwili haufuati cheo. Mtu mzima mwenye nguvu hutengeneza joto jingi. Mtoto ni mdogo, hupoteza joto upesi. Mzee naye jiko lake limepungua moto, na mara nyingi hata hasikii kwamba amepoa. Ukigawa blanketi, anza na mtoto na mzee. Watoto walale pamoja, wapeane joto.

Mtoto mchanga ana taratibu zake. Akizaliwa afutwe akauke mara moja, awekwe kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, wafunikwe pamoja. Avalishwe kofia. Asiogeshwe mpaka yapite saa 24. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, yaani njiti, hukaa kifuani hivyo usiku na mchana. Mwishoni mwa miaka ya 1970, huko Bogotá nchini Colombia, hospitali moja ilikuwa na uhaba wa mashine za kuwapa watoto njiti joto. Madaktari wakatumia kifua cha mama. Sasa njia hiyo inatumika katika nchi nyingi, na kwetu pia. Baba naye ana kifua. Mama akichoka, ampokee.

Usimfunike mtoto mchanga uso. Usimlundikie blanketi nzito. Na mtu aliyekunywa pombe asilale kitanda kimoja na mtoto mchanga.

Mzee anayeishi peke yake awekewe kopo la mkojo ndani, ili asitoke usiku kwenda choo cha nje. Asubuhi mtoto wa jirani apite kubisha hodi: "Shikamoo bibi, umeamkaje?" Bibi yule mjane niliyemtaja hakuwa na mtu wa kumbishia hodi. Watu walimkumbuka siku ya kumshitaki tu.

"KIJANA, BLANKETI NI BEI"

Hili nimeambiwa mara nyingi, na ni kweli. Lakini tupige hesabu pamoja. Chukua kalamu.

Juni ina siku 30. Julai ina siku 31. Agosti ina siku 31. Jumla ni siku 92. Kama kila usiku unaingiza chumbani kopo moja la mkaa, umetumia makopo 92. Zidisha kwa bei ya kopo hapo kijijini kwako. Kisha uliza bei ya blanketi la mtumba mnadani. Linganisha. Mkaa wa jana ni majivu leo. Blanketi litakuwapo na mwakani.

Usinunue yote kwa siku moja. Mavuno yakiuzwa, tenga fedha za blanketi kabla ya fedha za sherehe. Nyasi kavu na maganda ya mahindi huna haja ya kununua.

UKIMKUTA MTU AMEZIMIA

Fanya hivi, upesi:

1. Fungua mlango na madirisha. Usikawie ndani, hewa ile itakuangusha na wewe.

2. Watoe watu wote nje penye hewa safi. Wafunike wasipate baridi. Lako jiko litoe baadaye.

3. Asiyejitambua lakini anapumua, mlaze kwa ubavu. Kama hapumui na unajua kumsaidia kupumua, anza mara moja.

4. Usimnyweshe maziwa wala maji mtu asiyejitambua. Yataingia mapafuni. Maziwa hayaondoi hewa hii katika damu.

5. Wapeleke hospitali, hata wanaosema wamepata nafuu. Mama mjamzito asibaki nyumbani. Dawa yake ni oksijeni.

6. Mwambie mganga neno hili: "Walilala na jiko." Usipomwambia, anaweza kukosea kama nilivyokosea mimi.

TUFANYE NINI KIJIJINI?

Mwaka 1973 kulikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya. Sisi hatukuwa tumezaliwa, lakini wazee wengi wanaikumbuka. Watu walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu vidogo, wakajadiliana. Kisha walichimba vyoo. Hawakungoja mtu aje kuwachimbia.

Naona jambo la jiko linataka njia hiyo hiyo. Kila mwaka, kabla ya Juni, kila kitongoji kiwe na mkutano mmoja wa habari za kulala. Mhudumu wa afya awepo. Yaandikwe majina ya wazee wanaolala peke yao na ya wajawazito. Mafundi wa nyumba waelezwe kuacha tundu la hewa juu ya ukuta. Na sisi waganga tujifunze kuuliza. Mimi sasa, toka Juni mpaka Agosti, kila anayekuja na kichwa cha asubuhi namwuliza kwanza, "Mnalalaje?" Wengine hushangaa. Wengine hunyamaza, kisha husema, "Na jiko."

Mwaka jana mama yule aliyefiwa alisimama mwenyewe katika mkutano wa kitongoji. Hakusema maneno mengi. Alisema: "Mimi nilifikiri namkinga." Kisha akaketi. Usiku ule nilipita njiani nikitoka kwa mgonjwa. Nje ya nyumba nyingi niliona makaa mekundu barazani, na milango imefungwa.

Ndugu msomaji, leo jioni ukimaliza kupika, ota moto na watoto wako, wape hadithi. Kisha simama, chukua jiko, ulitoe nje. Halafu mlale.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini mkaa usio na moshi bado ni hatari?

2. Nyumba ya nyasi na nyumba ya bati zina tofauti gani wakati wa usiku?

3. Nyumbani kwako joto la mwili linatorokea wapi? Taja milango yake.

4. Nani analala peke yake katika kitongoji chenu? Nani atambishia hodi asubuhi?